Nahodha wa Ibn Battuta

Likizo ya Juni 1986 nilikuwa darasa la sita, nikapelekwa Kilwa Masoko kwa babu mzaa mama. Kwenye mkoba nilikuwa na daftari la Historia. Mwalimu wetu alikuwa ametusomea kitabuni maneno ya Ibn Battuta, msafiri wa kale wa Morocco, juu ya pwani yetu, sisi tukayanakili, kurasa mbili na ushei, na shule ikifunguliwa ilikuwa tuyaseme kwa moyo.

Babu alikuwa na mashua ya kuvushia watu kwenda Kilwa Kisiwani: watu, mbuzi, magunia, na wakati mwingine wageni waliokuja kutazama magofu. Miaka ya sitini, walipokuja wataalamu kuchimba kule kisiwani, yeye ndiye aliyewavushia maji na vyombo vyao vya kazi. Alikuwa hajui kusoma herufi zetu hizi, ila Kurani aliisoma.

Siku moja aliniamsha alfajiri twende wote. Kusi ilikuwa imeshika, na kwa kuwa kisiwa kiko upande wa kusini ilitubidi kubisha, mara huku mara kule, safari ambayo siku ya utulivu hupigwa kasia mara moja ikaisha. Baharia alikaa demani, babu usukani, mimi nikapewa kopo nifue ngama, yaani nitoe maji yaliyoingia chomboni. Nilipomaliza, babu akasema, "Haya, soma hilo daftari lako. Siku tatu unanung'unika nalo."

Nikasoma. Alitoka kwao Tanja mwaka 1325, umri wake miaka 21, akaenda kuhiji. Mwaka 1331 alikuja huku: Aden, Zeila, Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Hapo babu akanikata.

"Huyo ni nani?"

"Mpelelezi, babu." Ndivyo tulivyofundishwa: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara.

"Alikuwa anampeleleza nani?"

Sikuwa na jibu. Akanyoosha mkono niendelee. Nikasoma habari za Mombasa, alikolala usiku mmoja tu, akaona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na kwenye kila mlango wa msikiti kisima au viwili, na chombo cha mti chenye mpini mrefu cha kutekea maji, watu wakaosha miguu kabla ya kuingia kwa sababu hutembea pekupeku.

"Kata hiyo," babu akasema, akafurahi kweli. "Kaona mpaka kata!" Kisha akauliza, "Alitoka hapa kwenda wapi?"

"Dhofar, kule Oman."

Akafikiri kidogo, jicho kwenye tanga. Mimi nilidhani amemaliza, kumbe anahesabu. "Aden kuja huku ni kaskazi. Hapa kwenda Dhofar ni kusi. Basi kaskazi ilikuwa inakatika alipofika, akangoja tanga mbili, majira ya pepo kubadilika, ipite, kusi ilipoanza, kabla haijawa kali, akapanda chombo. Hakukaa huyu. Wiki chache." Miaka mingi baadaye nilikuta wanahistoria wamefikia hesabu hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo. Babu aliifikia akiwa ameshika usukani, hana karatasi.

Halafu akauliza lile swali. "Na nahodha wake nani?"

Nikatafuta daftarini. Nikarudi nyuma ukurasa, nikasoma tena polepole, huku maji ya chumvi yakidondokea wino. Kadhi wa Mogadishu yumo, mtu wa asili ya Misri. Sultani wa Mogadishu yumo, na wali wake wa samli, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na maembe. Sultani wa Kilwa yumo. Aliyemtoa Mogadishu akamfikisha Mombasa, kisha Kilwa, hayumo. "Tulipanda bahari," imeandikwa, basi.

"Hayumo, babu."

"Kaona kata mlangoni kwa watu," akasema, "hakumwona aliyemleta." Hakusema kwa hasira. Aligeuza chombo, tanga likapiga, tukashika upande wa pili.

Swali lile sijaliacha tangu siku ile. Nimesoma safari nyingi nikilitafuta jibu lake, na mara nyingi nalikosa. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na sultani, na wiki tatu na siku chache baadaye akauona ukingo wa Bara Hindi karibu na Calicut. Bila mtu yule asingeivuka bahari ile kwa wepesi huo. Aliyeandika shajara ndani ya merikebu hakulitaja jina lake. Waandishi wa Kireno waliokuja nyuma wanamwita Malemo Cana. Malemo ni mwalimu, yaani mjuzi wa nyota na njia ndani ya chombo, na Cana ni kanaka, neno la Kihindi lenye maana hiyo hiyo ya mtu wa hesabu za nyota. Kwa hiyo walichokiandika ni kazi yake. Vitabu vya shule humtia jina la Ahmad ibn Majid, mwanamaji mkubwa wa Uarabuni, lakini wanahistoria wengi hawalikubali tena.

Tulipofika Kisiwani nilipata shida nyingine. Daftari langu lilisema Kilwa ni mji mzuri sana, umejengwa kwa mbao. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya Msikiti Mkuu, mawe ya matumbawe na chokaa kila upande, na baadhi yake ni ya kabla hata Ibn Battuta hajazaliwa. Nikatembea na babu mpaka Husuni Kubwa, juu ya jabali linaloangalia bahari, vyumba zaidi ya mia, na bwawa lenye pande nane. Inaaminika aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyempokea mgeni. Nilikaribia kulia. Nilitaka kitabu kiwe kimesema kweli.

"Kitabu alikiandika hapa?" babu akauliza.

Hapana. Alimsimulia mwandishi, Ibn Juzayy, huko Fez, kikaisha mwaka 1355. Miaka 24 ilikuwa imepita, na katikati yake Delhi, Maldivi, China na Mali. "Basi msamehe," akasema. "Nyumba za wengi zilikuwa za miti kweli."

Tukakaa ukingoni mwa bwawa lile kavu nikamsomea mwisho wake, kisa cha fakiri wa Yemen. Fakiri alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazichukua nguo kwa fakiri na kumlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia sifa zile akaamuru aongezwe watumwa wengine kumi, na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Darasani tulikipenda kisa hiki, mwalimu alikisoma kwa sauti ya hadithi, na jina la sifa la sultani huyo, Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, tulilisema kwa pamoja.

Babu alikaa kimya. Kisha akasema, "Ishirini," akaangalia bahari. "Walikwenda Yemen wote?"

Haikuandikwa. Sikumjibu, na hakunihimiza.

Tulirudi alasiri upepo ukiwa nyuma, mashua inakimbia. Babu akaniambia nifungue ukurasa wa nyuma niandike. Alipokuwa kijana alikwenda Muskat kwa jahazi, na akaanza kunitajia waliokuwamo: nahodha, sarahangi, mpishi, mabaharia mmoja mmoja, jina lake, jina la babake na kijiji alichotoka. Niliandika vibaya kwa ajili ya mawimbi, naye alingoja nimalize kila mmoja ndipo ataje mwingine. Nilihesabu kumi na wanne. Wa kumi na tano alikuwa yule aliyejua nyota, aliyewavusha usiku bila kuiona nchi. Babu alifumba macho, akafumbua.

"Huyo," akasema, "sote tulimwita Mwalimu."

Nikaandika hivyo, nikaacha nafasi mbele yake.