Nilivyoielewa Historia ya Ulaya kwa sandarusi, uzi na unga wa mkaa

Nimepata B ya Historia kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku mchana kutwa niko kwenye cherehani nashona nguo za watu. Nalisema mapema kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mbovu, na najua kuna watu wanapewa huo huo hadi leo.

Ushauri wenyewe ni huu: "Dada, Historia ya Ulaya ni pointi. Kariri sita za kuanguka kwa ukabaila, sita za kukua kwa biashara, sita za mapinduzi ya viwanda, ukifika chumba cha mtihani unazimwaga." Aliyeniambia alikuwa akitufundisha tuisheni ya jioni. Nikamwuliza Flanders (leo ni sehemu ya Ubelgiji) iko wapi, maana kila ukurasa wa notsi unasema sufu ya Uingereza ilikwenda Flanders. Akanijibu hilo ni swali la Jiografia, nisipoteze muda.

Nikakariri. Likaja jaribio la kituo: kwa nini mapinduzi ya viwanda yalianzia Uingereza na si Ufaransa? Pointi ninazo zote: mtaji, makoloni, makaa ya mawe, nguvu kazi, usafiri, utulivu wa kisiasa. Sasa Ufaransa nayo ilikuwa na makoloni, na watu ilikuwa nao wengi kuliko Uingereza. Swali linataka ulinganishe, na pointi ya kukariri hailinganishi chochote. Darasa zima tuliandika majibu yanayofanana na darasa zima tukaanguka. Tulipolalamika tukaambiwa tuongeze pointi ziwe nane.

Hapo ndipo nilipoamua kuchora Ulaya yote, kubwa, niiweke ukutani.

Nilinunua atlasi ya mtumba isiyo na jalada, elfu chache tu. Ramani ya Ulaya ilikuwa nusu ukurasa, na stationeri walitaka hela nyingi kuikuza. Lakini mimi ni fundi, kukuza paterni ndiyo kazi yangu. Nilichukua karatasi nyeupe, nikaipaka mafuta ya kula kwa pamba, kidogo sana, nikaiacha juani hadi isiloweshe kidole. Karatasi ikipata mafuta inaonyesha kilicho chini yake. Nikailaza juu ya atlasi, nikafuata mwambao wote kwa penseli, kuanzia Norway, ambako mkono unachoka kwa zile hori zake, hadi Bahari Nyeusi. Kisha nikapiga miraba ya sentimita moja moja juu yake, na kwenye sandarusi, yaani gunia la plastiki, nikapiga miraba ya sentimita kumi kwa chaki ya fundi. Unahamisha mraba mmoja mmoja, usiangalie umbo zima. Ukimaliza unapitisha markapeni. Sandarusi tumia upande usio na maandishi, na ukitaka kuinyoosha weka kitambaa juu, pasi iwe vuguvugu. Pasi ikiwa ya moto sandarusi inayeyuka na pasi inaharibika.

Mipaka ya nchi sikuichora kabisa, na nakushauri usiichore. Ukiichora ya leo unajidanganya, kwa sababu Italia iliungana mwaka 1861 na Ujerumani mwaka 1871. Kabla ya hapo palikuwa na miji huru, himaya na vijidola. Mimi nilianza na milima ya Alps, kisha mito: Rhine inayotoka Alps kwenda Bahari ya Kaskazini, Danube inayoteremka hadi Bahari Nyeusi, Seine, Thames, Po. Halafu miji.

Baada ya hapo ikaja kazi niliyoipenda kuliko zote, kushona historia juu ya ramani. Uzi mweusi niliuwekea tauni. Nilianzia Caffa, kule Crimea, nikapita Constantinople mwaka 1347, Messina kwenye kisiwa cha Sicily mwezi Oktoba mwaka huo huo, Marseille ya Ufaransa, kisha kusini mwa Uingereza mwaka 1348, Bergen ya Norway mwaka 1349, nikamalizia Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1350. Nilipoondoa mkono nikaona uzi umeizunguka Ulaya nzima. Moscow iko karibu na Caffa kuliko Marseille ilivyo, lakini ilifikiwa mwishoni kabisa, kwa sababu ugonjwa ulipanda meli za wafanyabiashara na kwenda zilikokwenda. Theluthi ya watu wa Ulaya au zaidi walikufa. Kwa uzi ule mmoja nikaelewa kwamba biashara ya masafa ilikuwa imeshaiunganisha Ulaya chini ya ukabaila. Na watu walipopungua, watwana waliobaki, yaani wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya kabaila, wakawa na thamani, wakadai ujira mkubwa. Mwaka 1351 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwabana mishahara, na mwaka 1381 wakulima wakainuka wakiongozwa na Wat Tyler na kuingia London. Ukizikariri hizo kama pointi tatu utazisahau. Mimi nilizishona, sikuzisahau.

Uzi wa kijani ulikuwa wa Wareno, na ule ulitoka nje ya sandarusi. Ilibidi niunganishe sandarusi ya pili kwa chini, nichore Afrika. Bartolomeu Dias alizunguka ncha ya kusini mwaka 1488. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, akavuka hadi Calicut, India. Mwaka 1505 Almeida akaiteka Kilwa. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa. Magofu ya Kisiwani nimeyaona tangu mdogo, lakini sikuwahi kuyaunganisha na Lisbon mpaka uzi ulipotoka kule na kuishia kwetu. Nilikaa kitako nikautazama muda mrefu.

Viwanda sasa. Nilichanganya unga wa mkaa na gundi, nikadondosha tone kila penye makaa ya mawe: Newcastle, Lancashire, Yorkshire, Wales ya kusini, Liège ya Ubelgiji, bonde la Ruhr la Ujerumani. Kwa Ufaransa matone ni machache na yametawanyika. Uingereza yameshikana na bahari au mto. Makaa ya Newcastle yalikuwa yakienda London kwa meli karne nyingi kabla ya mashine ya mvuke. Mwaka 1761 mfereji wa Bridgewater ulitoa makaa Worsley hadi Manchester, bei mjini ikashuka kwa nusu hivi. Ufaransa bidhaa ilikuwa ikilipia ushuru wa ndani kutoka mkoa hadi mkoa mpaka Mapinduzi ya 1789. Lile swali la kituo jibu lake lilikuwa ukutani kwangu.

Kuna jambo wanalichanganya wengi. Kiwanda cha Arkwright cha Cromford, cha mwaka 1771, kiliendeshwa na maji, si mvuke. Viwanda vya nguo vilifuata mito kwanza. James Watt alipopata mashine ya mvuke ya kuzungusha magurudumu, miaka ya 1780, ndipo vikahamia mijini karibu na makaa. Na ule mfululizo wa mashine haunipi shida hata kidogo. Kay aliharakisha ufumaji mwaka 1733, nyuzi zikaadimika. Hargreaves, Arkwright na Crompton wakaharakisha usokotaji, nyuzi zikafurika. Cartwright akaleta kitanda cha kufumia cha mashine mwaka 1785. Ni kama kibandani kwetu: mkataji akiwa mwepesi, kazi inarundikana kwa mshonaji, na huko ndiko utakakopeleka cherehani mpya.

Maswali ya mtihani ni ya Kiingereza, lakini kuelewa nilielewa kwa Kiswahili kwanza, kisha nikajizoeza kuandika. Usifanye kinyume chake. Siku ya mtihani liliulizwa la kuanguka kwa ukabaila, nikaliandika kwa kuufuata uzi mweusi, kutoka Messina hadi kwa Wat Tyler.

Sandarusi sasa iko kwa binti wa jirani, anafanya mtihani mwakani. Nimemwambia reli ya Liverpool hadi Manchester, ya mwaka 1830, aishone mwenyewe.