Nilivyowatoa hofu majirani kuhusu kirushio changu cha sumaku-umeme

Anayetaka kufanya majaribio ya sumaku-umeme nyumbani kwake, mtaani kama kwetu Mwanza, ajiandae kwa kazi mbili. Ipo ya waya na kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme na kuutoa kwa mkupuo), na ipo ya watu. Ya watu ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Chombo chenyewe, kinachorusha gololi kwa nguvu ya sumaku, ni rahisi. Unazungushia waya wa shaba kwenye bomba dogo la plastiki, unapata koili. Ukiipitishia umeme mwingi kwa kitambo kifupi sana, uga sumaku unaivuta gololi ya chuma kuelekea katikati ya koili. Umeme ukikatika kabla gololi haijavuka katikati, inatokea upande wa pili kwa kasi. Ukichelewa kukatika, sumaku ileile huirudisha nyuma. Waya niliupata kwa fundi wa kusuka mota, kapasita ikatoka kwenye amplifaya mbovu: maikrofaradi 4,700, inahimili volti 50, nami naichaji hadi 35 tu. Hiyo ni nishati ya jouli 2.9 hivi. Baruti hakuna.

Mtaani habari ilifika kwa sura nyingine. Wapo waliosema natengeneza bunduki. Wengine, na hawa walinisumbua zaidi kwa sababu walikuja wakinisifu, waliamini nimegundua umeme usiokwisha na wakataka kujua nitaanza kuuuza lini. Wote walikuwa wanazungumzia kitu ambacho hawajakiona.

Sikungoja kuitwa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. "Shikamoo, Mzee. Naomba niwaonyeshe watu ninachokifanya, mchana, hapa ofisini kwako." Alinitazama kidogo, akaniuliza kama kuna mtu ataumia. Nikamweleza taratibu zangu: macho yamevaliwa miwani ya kukinga, hakuna anayesimama mbele ya bomba, na kapasita inamalizwa chaji kupitia rezista, kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme, kabla ya mkono wowote kugusa waya. Akakubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeamua nani asimame wapi. Lilikuwa sharti zuri.

Siku ile sikuanza kwa hotuba. Niliweka kirushio ukingoni mwa meza yenye kimo cha sentimita 75, nikatandika sakafuni karatasi nyeupe na juu yake karatasi ya kaboni, ili gololi ikitua iache alama. Kisha nikamwomba mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa mkali kuliko wote, ashike tepu na kupima mwenyewe. Gololi ilitua sentimita 120 kutoka mezani. Kitu kinachoanguka kutoka kimo hicho huchukua kama sekunde 0.39 kufika chini, kwa hiyo kasi yake ilikuwa mita 3 kwa sekunde: mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Mama yule akaiokota gololi, akaitupa kwa mkono, ikaenda mbali zaidi. Habari ya bunduki ikaishia hapo.

Ya umeme usiokwisha ilihitaji hesabu. Gololi ina gramu 5.5. Kwa kasi ile imebeba kama jouli 0.026, wakati kapasita ilitoa 2.9. Yaani tulipata chini ya asilimia 1, na sehemu kubwa ya iliyobaki iligeuka joto ndani ya waya. Nilisema wazi: hiki chombo kinakula umeme, hakizalishi. Baadhi walisikitika kweli, na nikawaelewa, kwa jinsi umeme unavyokatika kwetu.

Ndipo mzee mmoja mkulima akauliza kinafaa nini basi. Nikamsimulia habari za Kristian Birkeland, profesa wa Norway. Machi 1903, mbele ya wageni waheshimiwa katika chuo kikuu cha Kristiania, mji unaoitwa Oslo sasa, alionyesha mzinga wake wa umeme, uliorusha kwa koili kama kirushio changu. Shoti ikapiga, mwale mkali wa moto ukatoka kwa kishindo, watu wakataharuki. Lakini muda mfupi baadaye mwale wa namna ileile ukamsaidia yeye na mhandisi Sam Eyde kuunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani, wakatengeneza mbolea. Kampuni ya Norsk Hydro ikaanzishwa mwaka 1905, na idara yake ya mbolea ikajitenga mwaka 2004 kwa jina la Yara. Mzee alilijua jina hilo kutoka kwenye mifuko anayonunua msimu wa mahindi. Akanyamaza, halafu akaomba gololi irushwe tena.

Sipendi watu wanaodai kwamba wanasayansi wa ajabu husemwa vibaya bure. Kumtilia mtu shaka ni haki ya jirani. Birkeland huyohuyo alipingwa kwa miongo kadhaa kuhusu mikondo ya umeme inayosababisha mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayoonekana usiku angani karibu na ncha ya dunia, na kilichomaliza ubishi ni vipimo vya satelaiti, miaka mingi baada ya kifo chake. Shaka ya muuza dagaa niliipa tepu, nikaona inafanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Tangu hapo vijana wa kidato cha tatu huja Jumamosi. Kwa kusogeza tu mahali gololi inapoanzia, tumefika sentimita 160, kama asilimia 1.6 ya nishati. Sasa tunasuka koili ya pili, itakayowashwa na kihisi cha mwanga gololi ikipita, na mwenyekiti ametuachia kona ya ofisi kwa kazi hiyo.