Bei elekezi ya jino

Jumapili usiku

Jino la chini la binti yangu linacheza, na kwa jinsi anavyolisukuma na ulimi sidhani kama litafika Jumatano. Kwa hiyo mimi na baba yake inabidi tuamue bei. Hapa Minnesota, Marekani, jino la mtoto halitupwi. Analiweka chini ya mto, na akishalala anakuja Tooth Fairy, kiumbe wa hadithi mwenye mabawa, anachukua jino na kuacha hela. Huyo mwenye mabawa ni mzazi anayenyata gizani, akiomba Mungu asikanyage kipande cha Lego.

Laiti kungekuwa na bei elekezi kama ya mafuta kule nyumbani. Cha karibu nilichopata ni takwimu za Delta Dental, watu wa bima ya meno, ambao wamekuwa wakiwauliza wazazi wa Marekani swali hili tangu 1998. Mwaka ule wastani ulikuwa dola 1.30 kwa jino. Mwaka 2023 ukafika 6.23, kisha ukashuka hadi 5.84 mwaka 2024 na 5.01 mwaka 2025. Kila kitu dukani kinapanda, meno yanashuka! Ila wastani wa nchi nzima haunisaidii, kwa sababu kuna mwenzake darasani aliyeamka na noti ya dola ishirini, na habari imeshafika mezani kwetu.

"Mama, jino lake lilikuwa kubwa?"

Nikapiga hesabu. Meno ya utotoni ni 20, yanaanza kung'oka mtoto akiwa na miaka kama sita na kumalizika karibu na 12. Kwa dola ishirini kila jino, mtoto mmoja ni dola 400. Kwa tano ni 100. Na ukishaanza na kiwango fulani huwezi kukishusha katikati ya taya, maana mteja anakumbuka vizuri kuliko wewe.

Baba yake hataki kabisa. Anauliza tunanunua meno tukayafanyie nini, na kama mtoto analipwa kwa kung'oka jino, kesho atadai kwa kukata kucha. Ana hoja, lakini mimi kinachonisumbua ni kingine. Mtoto wa miaka sita hajui mshahara wala kodi ya nyumba. Anachojua ni kwamba kiumbe yuleyule amempa rafiki yake ishirini na yeye kamwachia moja. Atafikiri nini? Kwamba labda yeye si mtoto mzuri. Darasani kwao wapo ambao wazazi wao wanaunganisha shifti mbili ndipo wiki iishe, na hao ndio watakaosikia noti yetu ikitangazwa asubuhi kwenye foleni ya basi. Mwenye uwezo wa kutoa ishirini na atoe, lakini aseme zimetoka kwa shangazi.

Tumekubaliana dola moja, tena ya sarafu. Marekani wanayo sarafu ya dola yenye rangi ya dhahabu, ilitoka mwaka 2000, ina sura ya Sacagawea, yule mama wa Washoshoni, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, akiwa amembeba mwanawe mgongoni kama mama yeyote wa kwetu anayetoka kliniki. Madukani huioni. Unaiulizia dirishani benki, na kesho nitaipitia wakati wa mapumziko ya mchana. Mtoto ataona dhahabu, na dhahabu hailinganishwi kirahisi na noti ya mtu.

Nilidhani tumemaliza. Sasa kaka yake ana madai.

Yeye ana miaka tisa na tulikuja naye mwaka jana. Meno yake manane ya mbele yaling'okea Tanga, kwa bibi yake, na yote yalirushwa juu ya bati kama tulivyokuwa tukirusha sisi, tukimwambia kunguru achukue hilo bovu alete jipya. Hakupewa hata pipi. Leo amekuja jikoni akitaka malimbikizo: dola nane. Alipoona nacheka akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye anajua ni nani anayeweka hela, na anaweza kunyamaza au asinyamaze.

Nikampigia mama, nikaweka spika. Alisikiliza shauri lote, akauliza kwanza kama ni kweli Wazungu wananunua meno, maana yeye anayo machache yaliyobaki. Kisha akatoa hukumu: "Kunguru si alikulipa meno mapya, mjukuu wangu? Unadai nini tena?"

Msimamo wangu ni huo huo. Meno ya Tanga yanadaiwa Tanga. Magego yakianza kung'oka, huko kwenye miaka kumi, atapata sarafu kama mdogo wake. Amekubali kunyamaza, ila anataka tuandikiane.