Kitabu cha mpwa wangu kilishukia Pakwach

Hii ilikuwa Desemba 2008, natoka Kampala naenda Arua kwa dada yangu. Mpwa wangu alikuwa P5, yaani darasa la tano, na alikuwa ameniagiza kitu kimoja tu, kitabu cha hadithi, sio gauni sio viatu, basi jana yake nikapita kwa wale wanaotandika vitabu vya mtumba chini kule karibu na Old Taxi Park, nikachagua kimoja cha Moses, vile vya watoto vya Kiingereza alivyoandika Barbara Kimenye, tukabishana bei weee mpaka nikakichukua kwa elfu tatu. Kilikuwa kimechoka, jalada limeshikwa na selotepu, na ukurasa wa kwanza kuna jina la mtoto mwingine limekatwa na bik.

Sasa tumevuka daraja la Karuma, hata nusu saa haijaisha, tairi la nyuma likapasuka. Dereva akashuka akatazama, kondakta akashuka akatazama, ndio ikajulikana jeki haipo. Basi limejaa mpaka kwenye korido na jeki haipo! Tukaambiwa tusiende mbali maana upande wa kushoto ni mbuga, na nyani nao washafika, wamekaa pembeni ya lami kama wanaosubiri mshahara.

Simu imekufa chaji, gazeti la New Vision nimelimaliza mpaka matangazo ya vifo, nikabaki nakodoa macho. Mwisho nikatoa kile kitabu. Ila nilikuwa mtu mzima wa miaka 34, nina masharubu, nikaona aibu, nikakiingiza katikati ya gazeti nikajifanya nafuatilia siasa. Ukurasa wa tatu nikaanza kutikisika mabega, wa tano kicheko kikanitoka puani.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja askari mstaafu, wale ambao hata akikaa kwenye kiti cha basi utadhani yuko gwaride.

"Kijana, hilo ni gazeti gani? Mimi nimesoma hilo hilo asubuhi, sikuona cha kuchekesha."

Ikabidi nifunue. "Cha watoto hiki afande, nampelekea mpwa wangu."

"Nimekuuliza ni cha nani? Soma tusikie. Miwani yangu niliikalia tulipopita Luwero."

Nikaanza kumsomea, natafsiri hapo hapo kwa Kiswahili maana hicho ndicho tulichokuwa tunaelewana wote. Nikamweleza Moses ni kijana wa bweni, yuko kwenye shule ya wale waliofukuzwa kwingine, na hedimasta ni Mukibi mwenyewe, na shule inaitwa, ngoja, hapo nikakwama kidogo, Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Vijana wa Waungwana wa Kiafrika. Mzee akapiga goti lake kofi. "Waungwana! Watoto wamefukuzwa shule zote halafu waungwana!" Kwa Kiingereza nilikuwa nimetabasamu tu hapo, lakini hilo neno waungwana lilipotoka kwa Kiswahili na mimi likanimaliza.

Kidogo kidogo watu wakasogea, mama mmoja na gonja yake, ndizi ya kuchoma, mkononi, turniboi wa lori lililosimama kutusaidia likashindwa, mpaka kondakta tuliyekuwa tunamtukana. Mtoto pekee aliyekuwa karibu hakujali kabisa, alikuwa busy anawarushia nyani maganda. Sisi wazee ndio tulikuwa tunauliza "ehe, na huyo King Kong je?" (King Kong ni rafiki yake Moses, sio yule sokwe, hili nililirudia mara tatu.)

Niliwaambia pia kwamba mwandishi ni mwanamke, alizaliwa Halifax huko Uingereza, akaja kukaa Uganda miaka ya 1950, akafanya kazi kwenye serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kabla ya hivi vitabu kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960. Mzee hakukubali. "Mwanamke! Mambo ya domitori ya wavulana ameyajulia wapi?"

Nyumbani nilikuwa na kitabu kinene cha jinsi ya kufanikiwa maishani, kimekwama ukurasa wa 40 tangu nikinunue. Hiki saa mbili hazijaisha tushafika katikati, na hapo natafsiri na kukatizwa.

Kuna mahali nikanyamaza kunywa maji, mzee akaangalia ile barabara, akasema miaka ya waasi wa Kony magari yalikuwa hayapiti hapa bila msafara wa jeshi, na yeye alikuwa juu ya lori na bunduki, kuanzia Karuma mpaka Pakwach, jua lote. "Hakuna aliyenisomea kitu," akasema. "Endelea."

Jeki ikaja na basi lililokuwa linarudi Kampala. Tukaendelea kusoma tukiwa njiani mpaka mwanga ukaisha, nikafunga, zimebaki kama kurasa ishirini. Tukavuka Nile, tukaingia Pakwach, mzee akashuka na begi lake na kitabu mkononi, nikadhani amejisahau. Mara namwona dirishani ameshika mputa mzima, yule samaki sangara.

"Mpe mpwa wako. Kitabu nabaki nacho, mke wangu ni mwalimu, atanimalizia leo leo."

Kabla sijajibu kondakta kashachukua samaki, kaenda kumning'iniza mbele kwenye pua ya basi pamoja na wa wenzangu, maana ndani harufu hairuhusiwi.

Arua tumeingia karibu saa sita usiku. Mpwa wangu hajalala, ananisubiri mlangoni. Akaangalia begi, akaangalia yule mputa aliyejaa vumbi mpaka machoni.

"Mjomba, kitabu kiko wapi?"

Ikabidi nimsimulie, nimekaa kwenye ngazi na viatu miguuni, dada yangu anaparua samaki pembeni huku anajifanya hasikilizi. Nikafika pale nilipofungia, nikanyamaza.

"Halafu?" akauliza dada yangu, kisu kimesimama.