Nilivyopata polietilini kwa Ziegler-Natta baada ya kuachana na ushauri wa "ongeza kichocheo"

Wale mnaosomea polimeri na flaski zenu zinazunguka tu masaa na masaa bila kutoa kitu, hii ni yenu. Mimi yangu niliifanyia Ujerumani kwenye maabara ya chuo, na leo ukinipa gesi ya ethilini na vifaa nakutolea polietilini, ile plastiki ya mifuko, kwa presha ya kawaida kabisa. Najivunia, kwa sababu nilivyoelekezwa mwanzoni nilielekezwa vibaya, tena na watu wenye uzoefu.

Kwenye karatasi ni kitu chepesi. Waingereza wa kampuni ya kemikali ya ICI waliipata polietilini 1933 lakini kwa presha kubwa mno, zaidi ya mara elfu ya presha ya hewa. Karl Ziegler na vijana wake pale Mülheim wakaja 1953 wakachanganya titani tetrakloridi na alkili ya alumini (alumini iliyoungana na vipande vya kaboni na hidrojeni), huo mchanganyiko ndio kichocheo, plastiki ikatoka bila presha hiyo. Giulio Natta akaipeleka njia hiyo kwenye gesi ya propilini mwaka uliofuata, 1963 wakapewa Nobel wote wawili. Sasa ukisoma hivyo unadhani ni kuchanganya tu.

Nikachanganya. Kile kimiminika cha titani ukifungua chupa hewani kinafuka moshi mweupe mzito, ni maji ya hewani yanakigeuza kuwa titani dioksidi na asidi ya hidrokloriki, zamani majeshi walikuwa wanatumia moshi huohuo kujificha. Nikaingiza kwa sindano, ethilini ikawa inapita, na kweli vikaanza kuonekana vipande vyeupe vinaelea. Mtu aliyekuwa ananisimamia akanipongeza kabisa, polimeri hiyo. Mimi moyo ukakataa maana mchanganyiko ulikuwa bado wa njano hafifu na nilishasoma kwamba lazima uwe kahawia mpaka karibu mweusi, titani ikishapunguzwa, yaani ikishapewa elektroni, na alumini. Nikachuja, nikakausha, nikaweka kidogo kwenye ncha ya spatula nikasogeza kwenye moto. Polietilini inayeyuka, inashika moto, inanukia kama mshumaa. Hii ikakaa vilevile nyeupe, haiyeyuki, haiwaki. Titani dioksidi tupu, ile ya kwenye rangi za ukutani!

Nikarudi kuuliza, nikaambiwa ongeza kichocheo. Nikaongeza, unga mweupe ukaongezeka. Mwingine akaniambia nisijali unyevu kidogo, eti mkemia Kaminsky kule Hamburg aligundua maji kidogo yanasaidia. Hili ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu ni kweli ila si hapa. Kule maji kidogo yalikutana na trimethili alumini yakatengeneza MAO (methilialuminoksani), na MAO ndiyo inayowasha zirkoni ya metalosini, ambayo ni aina nyingine ya kichocheo. Huku kwa titani tetrakloridi maji yanaua, basi. Msichukue habari ya kichocheo kimoja mkaipachika kwenye kingine.

Nikaacha kuuliza, nikaanza kufukuza maji. Vyombo vyote oveni usiku kucha, unaviunga vikiwa bado vya moto, unavuta hewa, unajaza agoni, gesi isiyoungana na kitu, unarudia. Tolwini, kile kiyeyushi, inachemshwa na sodiamu na benzofenoni mpaka iwe ya bluu iliyokolea, rangi hiyo ndiyo dalili kwamba maji yameisha; kama haijawa bluu usiiguse. Ile mipira laini ya zamani ya kupitishia gesi nikaing'oa yote, unyevu unapenya humo. Ethilini nikaipitisha kwanza kwenye safu ya molekula sivu (punje za kunyonya maji) zilizochomwa upya, siyo zile za kwenye chupa iliyoachwa wazi juu ya kabati.

Halafu siri kubwa ni mpangilio. Trieithili alumini, ndiyo alkili ya alumini niliyotumia, inatangulia, peke yake, kwenye tolwini, unaiacha izunguke kwa muda ili imalize maji yoyote yaliyojificha kwenye kioo. Ndipo titani inafuata, tone kwa tone. Nilivyofanya hivyo tu, kahawia ikatokea palepale na kiza kikaingia, mikono ilinitetemeka.

Na hapa angalieni bablaa ya mafuta kwenye njia ya kutokea gesi, kile kichupa kinachoonyesha mapovu ya gesi inayotoka. Mapovu yakaanza kupungua, yakasimama kabisa, na mafuta yakataka kuvutwa ndani, yani ethilini yote niliyokuwa naingiza ilikuwa inaliwa! Fungua gesi zaidi haraka. Sindano ya gesi usiizamishe kwenye mchanganyiko, polimeri itaota kwenye ncha na kuiziba, wewe leta gesi juu ya uso na ukoroge kwa nguvu. Flaski ikapata joto lenyewe, uji ukawa mzito mpaka sumaku ya kukorogea ikashindwa kuzunguka.

Nikazima kwa methanoli yenye asidi kidogo, kahawia ikapauka polepole, ukabaki unga mweupe mwepesi. Spatula, moto: ukayeyuka, ukawaka, harufu ya mshumaa. Mashine ya kupima ikaonyesha unayeyuka kwenye nyuzi joto za Selsiasi mia na thelathini na kitu, hiyo ni polietilini ya minyororo iliyonyooka.

Gharama sikumbuki vizuri, chupa ya alkili ya alumini ilikuwa kama euro mia na ushee, chuo kililipa. Na jamani ile inawaka yenyewe ikiguswa na hewa, usifanye peke yako usiku, wala usimwage mabaki kwenye sinki. Chombo chenye mabaki kizungushie barafu kwa nje, ndani kiwe na agoni, yapunguze makali kwa tolwini, kisha isopropanoli kidogo kidogo mpaka yaache kutoa mapovu, maji yaje mwisho kabisa.