Kanisa la Zamani Litazame Kuanzia Chini

Wageni wengi wakifika Azania Front, kanisa la Kilutheri la Dar es Salaam, huinua simu, wakapiga picha ya mnara na vigae vyekundu, wakaondoka. Mnara ni mzuri, hakuna ubishi. Ila kanisa hilo limeitazama bandari tangu 1902, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, hapo hapo Barabara ya Sokoine, lilianza kujengwa 1897. Alama za miaka yote hiyo zitafute chini, kati ya kizingiti na usawa wa bega, maana huko ndiko miguu, mikono na unyevu hufika kila siku.

Kwanza jiulize: hapa pamelika kwa nini? Palipolika kwa watu ni palaini na panang'aa. Palipoliwa na chumvi panakwaruza, na ukipagusa unga hubaki kidoleni.

Anza na ngazi ya mlangoni. Laza daftari lenye jalada gumu juu ya kidato, kisha chungulia chini yake. Uwazi unaouona ndio kina cha mbonyeo. Usitarajie uwe katikati daima. Mlango wa mabawa mawili ambao siku za kawaida hufunguliwa bawa moja, kizingiti chake huzama upande wa bawa hilo. Ndani, tazama ncha za mabenchi upande wa njia: vanishi hutoka pale watu wanaposhika wakati wa kuinuka. Kwenye milango tafuta matundu ya skrubu yaliyozibwa na kivuli cha bamba la zamani. Hapo kitasa kilishahamishwa, na mbao kuukuu haifichi jambo hilo hata ikipakwa rangi mara tano.

Kuta ndizo zenye mengi. Majengo mengi ya zamani ya mwambao huu ni ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na vyote viwili hunywa maji. Maji yakipanda kutoka ardhini hubeba chumvi. Yakikauka usoni mwa ukuta, chumvi hubaki ndani ya vitundu vya jiwe, ikaganda na kukua hadi kulipasua jiwe kidogo kidogo. Ndiyo yale manyoya meupe unayoyaona ukutani, juu kidogo ya sakafu. Unyevu wa ardhini huacha mstari wa mawimbi, mara nyingi usiozidi mita moja hivi. Madoa ya matone ya mvua yanayoruka kutoka chini huishia karibu na goti. Mchirizi unaoshuka kutoka juu, huo ilaumu gata (mfereji wa maji ya paa) iliyoziba au kigae kilichovunjika.

Kosa kubwa ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Mwaka wa kwanza hupendeza. Lakini saruji ni ngumu na hainyumbuliki, na maji yaliyozoea kutokea usoni hufungiwa nyuma yake. Chumvi hupanda na kuchomoza juu ya kiraka, au lipu yenyewe hubanduka kipande kizima ikiwa na uso wa jiwe mgongoni. Rangi ya mafuta hufanya vilevile, kwa malengelenge. Ukiona ufa ulionyooka wenye doa la kahawia, huenda ndani kuna chuma: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo husukuma ukuta kutoka ndani.

Kuona haya yote, mwanga wa mbele haufai. Laza tochi ya simu ikaribie kugusa ukuta ili mwanga upite kwa ubavu; mabonde na malengelenge yatatupa vivuli. Sehemu yenye lipu iliyoachia hutoa sauti ya debe ukiigonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Usikwangue unga, wala usibandue kipande eti uone ndani.

Omba ruhusa kwa mhudumu kabla ya kupiga picha, na wakati wa ibada tochi ibaki mfukoni.

Ukimaliza ndani, zunguka nje. Linganisha ukuta unaopigwa na upepo wa kusi kutoka baharini na ule wa nyuma yake, ukianzia kwenye bawaba na nondo za madirisha. Chuma cha upande wa bahari ndicho hutangulia kumenyeka, ndiyo maana rangi yake huwa ya juzijuzi.