Nilivyounganisha drivu ya tepu ya nje kwenye seva kuukuu ya Sun

Kuna kampuni moja ya klering na fowading karibu na Kilindini ambayo rekodi zake za mizigo ya zamani bado ziko kwenye seva ya Sun Enterprise 250 inayoendesha Solaris 8, mfumo endeshi wa Sun wa jamii ya Unix. Kampuni ya Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, lakini lile jidude zito lingali linanguruma kwenye kona ya chumba chake, na mwenye kampuni hataki kusikia habari ya kulizima. Drivu ya tepu ya ndani ndiyo iliyokufa. Wakaguzi wa hesabu wakataka stakabadhi za 2003, na stakabadhi hizo zilikuwa kwenye tepu za DDS-3, zile kaseti ndogo za kuhifadhia data, ndani ya kabati. Hapo ndipo nikapigiwa simu.

Nilitafuta drivu ya mtumba ya HP DAT40, ile ya nje yenye kasha na swichi yake ya umeme. Ni ya kizazi cha DDS-4: tepu yake huchukua GB 20 bila kubanwa, na inasoma tepu za DDS-3 na DDS-2. Kijana wa dukani alinisukumia DLT, drivu ya aina nyingine ya tepu, kwa bei ya kutupa, akisema inabeba zaidi. Kweli inabeba zaidi, lakini tepu ya DDS haiingii kwenye DLT. Anayetaka kusoma tepu za zamani hununua drivu kwa kufuata tepu alizonazo, hata kama hiyo nyingine inapendeza macho.

Kazi yenyewe, kwa maoni yangu, karibu yote iko kwenye waya. Watu hukimbilia kuandika amri za Solaris kabla hawajajua kama umeme unapita sawasawa kwenye kebo, halafu wanailaumu Unix. Drivu hii huungwa kwa SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha diski na tepu kwenye seva, na SCSI ina aina zake: SE, LVD na HVD ni namna tatu za kupitisha ishara kwenye waya. Mlango wa nje wa Enterprise 250 una pini 68, ni Ultra SCSI ya aina ya SE, kasi yake MB 40 kwa sekunde. Drivu yangu ilikuwa na ile alama ya umbo la almasi iliyoandikwa LVD/SE, maana yake ikikutana na mlango wa SE inajishusha yenyewe na kwenda nao. Ingekuwa imeandikwa DIFF ningeirudisha dukani hapo hapo, kwa sababu hiyo ni HVD, na HVD ikichomekwa kwenye SE yaweza kuunguza upande mmoja au pande zote mbili. Urefu wa kebo nao si wa kupuuza: SE kwa kasi ya Ultra haitaki kuzidi mita 3 vifaa vikiwa vinne au pungufu, na mita 1.5 vikizidi hapo. Nikachukua kebo fupi.

Kebo ilikuwa mtumba pia. Nilipoielekeza kichwa chake kwenye mwanga wa dirisha nikaona pini za safu ya chini zimeshika ukungu wa kijani, na moja imelala kidogo upande. Hewa ya bahari haina huruma na shaba. Nilichukua mswaki laini na spiriti safi ya kusafishia vyombo vya elektroniki, nikasugua taratibu mpaka rangi ya chuma ikarudi, kisha nikainyanyua ile pini kwa ncha ya kibanio. Nikaiacha ikauke kabisa. Nikafanya vivyo hivyo kwa plagi ya seva, ambayo haikuwa imeguswa kwa miaka na ilikuwa na vumbi lililogandamana na chumvi.

Nyuma ya drivu kuna matundu mawili ya SCSI. Moja ni la kebo, la pili ni la tamineta, ile plagi fupi inayofunga mwisho wa njia ili mawimbi yasirudi nyuma na kuvurugana. Lisipofungwa, drivu huenda ikaonekana leo na kesho isionekane, na hakuna ugonjwa unaochosha kama huo. Nambari ya kitambulisho nikaiweka 4. Nambari 7 ni ya seva yenyewe, 6 kwa desturi ni ya CD, na Sun imezoea kuweka tepu kwenye 4 au 5. Ukibadilisha nambari, zima drivu na uiwashe tena, maana huisoma wakati wa kuwaka tu.

Seva niliizima kwa adabu na amri ya init 0 jioni watu walipofunga kazi. SCSI ya aina hii haichomekwi mashine ikiwa hai. Nikachomeka, nikawasha drivu kwanza, kisha seva, laptopu yangu ikiwa kwenye mlango A wa siriali kwa kasi ya 9600. Katika alama ya ok, pale seva inapopokea amri kabla Solaris haijawaka, niliandika amri za kuizuia isiwashe Solaris yenyewe, kuianzisha upya, na kukagua vifaa vya SCSI:

setenv auto-boot? false
reset-all
probe-scsi-all

Hiyo reset-all usiiruke. Kukagua njia za SCSI baada ya Solaris kuwa imeshawaka kunaweza kuigandisha mashine. Bi Zuhura wa hesabu, aliyekataa kwenda nyumbani kabla hajaona, alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Mwanangu, kidude chako kitasema lini?"

"Subiri kidogo, mama, kinaamka."

Ukaja mstari niliokuwa nautaka: Target 4, Unit 0, Removable Tape, HP C5683A. Mstari huo ukitoka, waya uko salama na kilichobaki ni programu. Usipotoka, usithubutu kuendelea. Rudi kwenye kebo, tamineta na nambari. Nikarudisha auto-boot? kuwa true. Hapa kwetu umeme hukatika usiku bila hodi, na seva iliyoachwa na false hukaa kwenye ok mpaka asubuhi huku ofisi nzima ikikutafuta. Kisha boot -r, ili Solaris ijenge upya orodha ya vifaa vyake. Kama mashine ingekuwa tayari imewaka, devfsadm -c tape ingetosha.

Ndani ya /dev/rmt, folda ambamo Solaris huweka majina ya drivu za tepu, ikatokea 0 pamoja na nduguze wengi. Nilichohitaji ni 0n, isiyorudisha tepu mwanzo kila amri inapokwisha. Amri mt -f /dev/rmt/0n status ikajibu kwamba hakuna tepu au drivu haiko tayari, jambo ambalo kwa drivu tupu ni jibu zuri. Ikikujibu kwa kutaja tu Vendor na Product, basi Solaris haiijui drivu yako na inatumia mipangilio ya jumla. Hapo utahariri /kernel/drv/st.conf, faili la mipangilio ya drivu za tepu.

Tepu zenyewe nilikuwa nimeshazitoa kabatini siku moja kabla na kuziweka kwenye chumba cha seva. Kabati liko ukumbini kwenye joto na unyevu, chumba cha seva kina AC. Tepu inahitaji saa 24 kuzoea hewa mpya, la sivyo unyevu unaifanya inate kwenye kichwa cha drivu. Kila moja nilisogeza kile kilimi cha plastiki mpaka tundu likawa wazi, isiandikike kwa bahati mbaya.

Amri ya ufsrestore tvf, inayoorodhesha yaliyomo kwenye tepu za nakala za aina ya dump, ilisoma nyingi bila ubishi. Chache zikadai si za dump. Kwa hizo nilichota kipande kimoja kwa dd, amri ya kunakili data ghafi, yenye bs=256k na count=1, ili nijue ziliandikwa kwa vipande vya ukubwa gani, nikaangalia ukubwa wake kwa ls -l: baiti 32768. Nikarudisha tepu mwanzo, kisha dd if=/dev/rmt/0n bs=32k | tar xvBf - (tar ni programu ya kufungua mafaili yaliyofungwa pamoja) ikafungua kila kitu. Tepu moja ilisimama katikati, taa ya kusafisha ikawaka, nikapitisha tepu ya kusafishia na ikaendelea.

Faili zote nikazihamishia kwenye kompyuta yao ya Linux, na Bi Zuhura akachapisha stakabadhi za 2003 kabla wakaguzi hawajarudi. Sasa ameleta kisanduku kingine alichokiokota chini ya ngazi. Ni tepu za QIC, aina nyingine ya zamani, pana kama kaseti za video, na hizo hazitaingia kwenye mdomo wa DAT40 hata kwa nyundo. Nimeshaanza kuulizia drivu yake Nairobi.